Gobore la Mashoto

Watu wa kijijini kwetu wakimtaja Fundi husema, "Yule alikuwa na mikono." Husema alikuwa, ingawa mzee mwenyewe yuko hai, anaota jua kwenye kizingiti cha banda lake, na ukipita ukamwamkia anaitika. Polisi walimkataza kufua chuma, naye akatii, na kwetu mtu aliyeacha kazi yake huanza kusimuliwa kama marehemu. Nami nitamsimulia hivyo hivyo, ingawa sipendi. Nimesoma chuo Dodoma na nimerudi na tabia ya kutoamini sentensi yoyote inayosemwa na watu wengi kwa pamoja, na hiyo ya mikono ndiyo ya kwanza kuikataa. Wenye mikono ni wengi. Alichokuwa nacho Fundi ni subira ya kumtazama mtu kabla hajamtengenezea kitu. Na siku moja alitazama, akaona, akanyamaza. Mengine yote kumhusu nayaona kupitia siku hiyo.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara itokayo Iguguno kwenda Nduguti, mawe makubwa nyuma, mashamba ya alizeti na mtama mbele, na upepo usiochoka. Siku nyingi za mwaka Fundi alifua majembe, mashoka, majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Lakini kilichompa jina ni magobore. Alizeti ikikomaa, ngedere hushuka kutoka kwenye mawe. Mtama ukianza kuinamisha vichwa, nguruwe pori huja kwa familia nzima, na shamba ulilolilima miezi linakuwa kama limepitiwa na trekta. Mtu aliyechoka kupiga debe kuwafukuza alikwenda kwa Fundi. Wachache walikuwa na vibali, wengi hawakuwa navyo, na Fundi hakuuliza. Nilimsaili kuhusu hilo nikiwa likizo. Akasema mtu akija kuagiza shoka, huwa hamwulizi kama mti ni wake. Jibu hilo lilinikera kwa kuwa lilikuwa zuri, na nimejifunza kwamba jibu zuri mara nyingi ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Hakukubali kuagizwa. Huwezi kumtuma mtoto aseme baba anataka gobore. Ulikwenda mwenyewe, akakusimamisha mbele ya banda, mkaongea habari za mvua na za ng'ombe, naye akikuzunguka polepole kama mtu anayekagua dume mnadani. Kisha, ukiwa katikati ya sentensi, alisema, "Mwewe yule!" Nawe ukanyoosha mkono juu. Mwewe hakuwepo. Alitaka kuona mkono upi unatangulia na jicho lipi unalifumba bila kufikiri. Baada ya hapo ndipo alipochukua kamba ya katani, akakupima kuanzia kwapani hadi kidoleni na kuanzia begani hadi shavuni, akapiga mafundo, na kamba ile akaitundika kwenye boriti. Banda lilijaa kamba. Wanawake walitania kwamba Fundi amewanyonga wanaume wote wa kijiji na bado wanakula ugali wao. Mtu akifa, Fundi aliishusha kamba yake na kuitia motoni.

Mtu mwenye gobore la Fundi hakupenda kuliazimisha. Ukiliinua wewe ambaye si lake, lilikukataa: kitako kilikuja kifuani badala ya begani, shavu likakosa pa kulala. Kwa mwenyewe lilipanda kama mtoto anayemjua mamaye. Fundi alijivunia hilo kuliko alivyojivunia nguvu ya mlipuko. Kusema kweli, mlipuko hakuupenda kabisa. Gobore likikamilika, mwenyewe alilipeleka kwenye mawe kulijaribu, na Fundi alikwenda kukaa nyuma ya zizi akiwa ameziba masikio kwa vidole vyote viwili, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Yeye mwenyewe hakuwa na bunduki. Ngedere walikula alizeti yake wakiwa hawana wasiwasi. Mkewe, aliyekuwa na ulimi mkali hadi alipokufa, alisema ameolewa na mpishi anayelala njaa.

Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Alipokea sadaka kwa mikono ile ile, akasoma somo kwa sauti ndogo iliyowalazimu watu wa nyuma kuinama. Sikuona kama hilo lilimsumbua, na nilikuwa kijana wa kutaka limsumbue.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mwenye mashine, yaani mwenye mashine ya kukamua alizeti kule barabarani. Huyu alikuwa na bastola. Aliinunua mjini, ina kibali, na aliivaa kiunoni juu ya shati ili kibali kionekane pia. Alikuwa na tumbo, na kila akikaa ilimbidi aisogeze, kila akisimama airudishe, hivi kwamba mazungumzo yake yote yalikuwa na mkono mmoja unaofanya kazi nyingine. Siku za mnada alipenda kupita bandani kwa Fundi na kumchokoza mbele za watu.

"Fundi, mimi yangu niliichukua imeshaiva," alisema. "Wewe bado unawapa watu unga wakapike wenyewe."

"Imeiva kwa mdomo wa nani?" Fundi aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye tupa yake.

"Cha dukani kinakuja na karatasi, mzee. Kila kitu kimeandikwa."

"Basi akija mwizi umsomee."

Watu walicheka, mwenye mashine akacheka kuliko wote, akasogeza bastola. Lakini naijua habari nyingine, kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale bandani ilipotokea. Alikuja peke yake mchana wa jua kali, akaiweka bastola juu ya gogo la kufulia, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba vidole vyake ni vifupi na kile kishikio ni kinene. Kilitengenezwa kwa mkono wa mtu wa huko kilikotoka. Je, Fundi anaweza kukipunguza kidogo, kikae kiganjani? Au, kama ni rahisi zaidi, amtengenezee nyingine ndogo, ya kupimwa, hakuna atakayejua?

Fundi aliitazama bila kuigusa. Nadhani ilimvutia. Alikuwa fundi, na kile kilikuwa chuma kizuri. Kisha akaisukuma kwa ncha ya fimbo kuirudisha kwa mwenyewe.

"Gobore lina kazi," alisema. "Bastola ina mtu."

"Mtu gani?"

"Sijui. Wewe ndiye umemnunulia."

Sentensi hiyo ilienea kijijini na inarudiwa hadi leo kana kwamba ni methali. Mimi niliipinga siku ile ile. Nilimwambia gobore halina alama inayolizuia lisimwelekee mtu badala ya nguruwe, na kwamba tofauti anayoiweka kati ya silaha na silaha anaiweka ili apate usingizi. Hakukasirika. Aliendelea kupiga tupa kwa muda, akasema, "We msomi, unadhani kwa nini naziba masikio?" Niliaga nikaondoka, ila kushinda ubishi na kuwa na haki ni vitu viwili.

Sasa nije kwa Mpwa.

Alikuwapo mkulima mmoja, mtu wa mashoto, ambaye Fundi alimtengenezea gobore lililokuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Alilifanya lote la kugeuzwa: kile kinachopiga na kutoa cheche, ambacho kwa kawaida kiko upande wa kulia mbali na uso, alikiweka kushoto, ili mtu wa mashoto akilaza shavu lake, moto utokee upande wa pili. Yule mkulima alilinda shamba nalo miaka mingi bila hata kuungua ndevu. Akafa kwa homa.

Kwa Wanyiramba wa zamani mali ya mtu ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Siku hizi ng'ombe na shamba hugombewa na watoto wa marehemu, na serikali iko upande wao. Lakini ukoo ule ulibakiza kitu kimoja: upinde wa mjomba, au kilichochukua nafasi ya upinde, hupewa mpwa, mchana, siku ya kumaliza matanga, mbele ya watu wote. Na kuna mwiko unaoambatana na hilo. Kitu cha marehemu hakikosolewi kaburi likiwa bichi. Ukipewa jembe lenye ufa, unashukuru. Ukimwona mwenzio anapewa jembe lenye ufa, unashukuru pamoja naye. Kusema neno ni kumwambia marehemu kwamba amewaachia takataka.

Fundi alikuwapo matangani. Mama yangu pia alikuwapo, na ndiye aliyenisimulia. Kijana alipokea gobore kwa mikono miwili, akapiga goti, akasimama, kisha kwa furaha na huzuni ya siku ile akaliinua akalielekeza kwenye mawe. Akaliinua kwa mkono wa kulia. Mama alikuwa amekaa karibu na Fundi, akasikia pumzi yake imekatika. Akamgeukia kumwuliza kama anaumwa. Fundi akasema ni vumbi.

Msimu uliofuata Mpwa alifyatua kwa mara ya kwanza, akilenga nguruwe kwenye mtama wa mama yake. Moto ulitokea palepale shavu lake lilipolala. Jicho la kulia halikuokolewa.

Wazee walikaa. Walimtazama Fundi, wakalitazama gobore, wakaona halikuwa na kasoro. Limetengenezwa kwa mtu wa mashoto na limemtumikia mtu wa mashoto. Mwenye kosa hayupo, wakasema, ni mkosi, wakachinja mbuzi, wakala. Fundi alikula pamoja nao. Na kila alipoulizwa, miaka ile yote, alijibu neno moja bila kuongeza: "Sikulitengeneza kwa ajili yake." Ni kweli tupu. Sijawahi kuona kweli ikitumika vibaya namna hiyo.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili, na ndipo ubishi wa mwenye mashine ulipoanza kunipa maana ambayo mwenyewe hakuikusudia. Kitu cha kununuliwa kikikuumiza, unalaumu hewa. Aliyekitengeneza yuko nchi usiyoijua, wala hakukuona. Ila cha kutengenezewa nyumbani kina mlango. Unaujua, unaweza kuufikia kwa miguu, ukabisha, na yule aliyekutazama akafungua. Watu walimsifu Fundi kwa kuwa na mlango. Mpwa ndiye pekee aliyeubisha.

Aliubisha kwa njia yake. Alikuja Jumapili nyingi baada ya ibada, akasema, "Shikamoo, Fundi," akaitikiwa, akaketi. Hakudai kitu, na waliongea habari za mvua. Lakini hakukaa ovyo. Siku zote alichagua kiti ambacho kingemweka Fundi kushoto kwake, upande wa jicho zima. Kama kiti hicho kilikuwa na mtu, alisimama. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole kwamba yule mzee ni mtu wa kuangaliwa. Na gobore alibaki nalo. Halikuwa na kazi kwake, ila alilifunga kwenye gunia na kuliweka darini. Watu walipomsihi alitupe, alisema, "Fundi aliniona siku ile. Akitamka kwamba aliniona, nitalitoa hata kesho."

Nilipeleka maneno hayo kwa Fundi. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikiamini kwamba jambo likielezwa vizuri linakwisha. Nilimwuliza waziwazi kwa nini hakusema matangani.

"Ulikuwepo?" akauliza.

Nikasema sikuwepo.

"Basi hukusikia palivyokuwa kimya."

Nikamwuliza, na baada ya matanga? Kesho yake? Kulikuwa na kiangazi kizima kabla ya nguruwe. Hapo akaanza kutafuta kitu chini ya gogo la kufulia, akatafuta mpaka nikaondoka. Juu yake, kwenye boriti, niliiona kamba moja iliyokuwa imeiva kwa moshi kuliko nyingine. Nilijua ni ya nani, kwa maana mafundo yake yalianza upande wa pili. Yule mtu wa mashoto alikuwa amezikwa zamani, na kamba yake haikuwa imechomwa.

Mwaka jana lilipita gari lenye vipaza sauti siku ya mnada. Lilitangaza kwamba mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe ofisi ya kata kwa hiari, hataulizwa chochote. Muda ukiisha, atakayekutwa nayo atafungwa. Na wanaotengeneza silaha, ikasema sauti, hao wanatafutwa, msamaha si wao. Siku hiyo hiyo Fundi alizima moto na kuondoa kamba zote kwenye boriti. Watu walianza kupeleka magobore, wengine usoni wakiwa kama wanaopeleka ng'ombe wa mwisho. Mpwa hakupeleka.

Siku ya mwisho ya msamaha mke wa Mpwa alikuja nyumbani kwetu na mtoto mgongoni. Alitaka mimi, kwa kuwa nimesoma, nikaongee na mumewe. Nilikwenda, nikamweleza sheria, nikamweleza kifungo, nikamtajia watoto wake. Alinisikiliza kwa heshima yote.

"Ndugu yangu," akasema mwishoni, "nikilitoa bila neno, nitakuwa nimekubali kwamba ni mkosi. Mimi si mkosi."

Nikaenda kwa Fundi. Nilimkuta kizingitini, amekonda, macho yameanza ukungu. Nilisema tu kwamba leo ndiyo mwisho na Mpwa hajaenda. Nilijiandaa kwa ubishi. Akanyoosha mkono. "Nipe bega," akasema.

Tulitembea polepole kwenye jua la mchana. Njiani, kwa mara ya kwanza, sikumwuliza kitu. Mpwa alikuwa uani, akasimama, akaamkia, akamletea kigoda. Fundi hakukaa.

"Lichukue, twende," alisema.

"Umekuja kusema, Fundi?"

"Twende."

"Nitakwenda nikisikia."

"Utasikia," Fundi akasema. Mpwa alimtazama muda mrefu kwa lile jicho lake, kisha akaingia ndani akatoka na gunia.

Barazani pa ofisi ya kata magobore yalikuwa yamelundikwa kama kuni. Karibu yote niliyajua. Mwenye mashine alikuwa amekaa kivulini, bastola yake kiunoni na kibali mfukoni, ametulia kama mgeni wa harusi. "Fundi," aliita, "leo unga wako umerudi wote." Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Askari alikuwa kijana, si mtu wa huku. Alilifungua gunia, akaliinua gobore begani kwake, mkono wa kulia. Alikunja uso, akalishusha, akaligeuza.

"Aliyetengeneza hii alilewa nini?" akasema. "Kila kitu kiko upande usio wake."

Fundi angeweza kuacha ipite. Hakuna aliyekuwa ameulizwa jina. Gobore lingetupwa kwenye lundo, Mpwa angekuwa salama, na Fundi angerudi kizingitini kwake. Kila mtu pale barazani alilijua hilo, na wote walitazama chini, kama kawaida yetu mtu anapokaribia kusema. Fundi alivua kofia.

"Hakulewa," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo ya kanisani, na watu wakainama. "Lilikuwa la mtu wa mashoto. Nimelitengeneza mimi. Halafu alipopewa huyu, nilimwona ameliinua kwa mkono wa kulia. Nilimwona. Nikanyamaza."

Askari alimtazama kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni kamba. Nadhani hakuitaka habari ile. Alilaza gobore juu ya mengine, akafikiri, akaonyesha benchi lililokuwa ukutani.

"Mzee, wewe usiondoke. Kaa pale."

Fundi alikaa. Mwenye mashine alisimama, akairudisha bastola mahali pake, akaenda zake bila utani. Nilimwambia Mpwa kwamba yeye yuko huru, tunaweza kwenda. Alikwenda kwenye benchi. Lilikuwa refu na tupu, angeweza kukaa popote. Alipita mbele ya Fundi akakaa kushoto kwake, karibu, kiasi kwamba yule mzee alikuwa upande wa lile jicho lililokufa. Akatazama mbele.

Nimejiuliza kama ulikuwa msamaha, au kama alifuata kivuli tu, maana upande wa pili wa benchi ulikuwa na jua. Sikumwuliza. Walikaa hivyo mpaka askari alipomwita Fundi ndani, na Mpwa hakumwona akiinuka. Alimsikia.